Waimbaji wa Panki Waliorudi kwenye Gitaa Kavu: Uanze na Graffin, Ness au Doe?

Msikilizaji aliyezoea kishindo cha bendi za panki (roki ya kasi na kelele) za California, akisikia kwamba mwimbaji wa mojawapo ya bendi hizo ametoa albamu ya banjo na gitaa kavu, huingiwa na shaka mbili: ama umri umempunguza makali, ama ni jaribio la mara moja la mtu aliyetaka kupumzika kidogo na kelele. Shaka hizo ni za haki, kwa sababu albamu za aina hiyo zimetolewa nyingi na si zote zenye uzito. Hata hivyo, wako waimbaji watatu ambao kazi zao za upande huo zinastahili kusikilizwa kwa makini sawa na zile walizofanya na bendi zao, na kinachomtatiza msikilizaji mgeni ni kujua aanze na yupi.

Watatu hao ni Greg Graffin wa Bad Religion, kwa albamu yake Cold as the Clay ya mwaka 2006. Mike Ness wa Social Distortion, kwa albamu mbili alizozitoa mwaka mmoja, 1999, yaani Cheating at Solitaire na Under the Influences. Na John Doe wa bendi ya X, kwa Fables in a Foreign Land ya mwaka 2022. Nimewachagua kwa sababu wanalinganishika. Wote waliingia katika panki ya Los Angeles na vitongoji vyake kati ya mwaka 1977 na 1980, wote waliendelea kuimba na bendi zao baada ya kurekodi kazi hizi, na wote walikuwa watu wazima waliojua wanachokitafuta: Ness alikuwa na umri wa miaka 37 albamu yake ya kwanza ya peke yake ilipotoka, Graffin alikuwa na 41, na Doe alikuwa na 69.

Vigezo

Ulinganisho huu unasimama juu ya maswali matano. La kwanza ni mahali ambapo mwimbaji anarudi, maana neno kurudi halina thamani ikiwa hatujui alitoka wapi. La pili ni ala: je, albamu ni ya gitaa kavu kweli, au ni roki iliyopunguzwa sauti? La tatu ni asili ya nyimbo, kama ni za jadi, za watunzi wengine au za kwake mwenyewe. La nne ni namna anavyoimba, kwa kuwa koo lililozoea kupiga kelele halifundishiki upya kwa siku moja. La tano ni lugha, jambo ambalo waandishi wa Kimarekani hawalitaji lakini ambalo kwetu lina uzito: wengi wetu tunasikiliza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, na nyimbo za aina hii huishi au kufa kwa masimulizi yake.

Wanarudi wapi

Kabla ya kumtazama kila mmoja, ni vyema kueleza kwa nini jambo hili limetokea sana California. Katika miaka ya 1930, ukame na mdororo wa uchumi viliwang'oa wakulima wengi wa Oklahoma, Texas na Arkansas kutoka katika mashamba yao, wakaelekea magharibi kutafuta vibarua vya kuchuma pamba na matunda, na nyimbo zao wakaenda nazo. Mji wa Bakersfield, kaskazini mwa Los Angeles, ukawa kituo cha kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, yenye sura yake yenyewe. Mwimbaji wa kantri Merle Haggard alizaliwa jirani na mji huo mwaka 1937 katika familia iliyotoka Oklahoma, na mwenzake katika kantri Buck Owens akahamia hapo mwaka 1951. Kwa hiyo kijana aliyeunda bendi ya panki Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuwa mbali na kantri hata kidogo. Ilikuwa muziki wa majirani, na mara nyingi muziki wa wazazi. Zaidi ya hayo, ujenzi wa nyimbo ni uleule: wimbo mfupi, kodi tatu za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na maneno ambayo mtu aliyetoka kazini jioni anayashika mara moja.

Graffin anarudi nyumbani. Alizaliwa Wisconsin mwaka 1964, akahamia bonde la San Fernando akiwa mtoto baada ya wazazi wake kutengana, na alikuwa na umri wa miaka 15 tu alipoanzisha Bad Religion pamoja na wenzake mwaka 1980. Cold as the Clay inachota katika nyimbo za jadi za Marekani ambazo ukoo wake ulizijua, na kuziweka kando ya tungo zake mwenyewe. Mtu anayemfahamu kama msomi, kwa kuwa alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2003 na kufundisha vyuoni, anaweza kudhani albamu hii ni utafiti. Hapana. Inasikika kama mtu anayeimba alichokikuta katika familia yake, na ndani yake kuna California Cotton Fields, wimbo uliopata kurekodiwa na Haggard, unaosimulia familia inayopakia mali yake kidogo kwenye gari na kuhamia California kwa matumaini ambayo mashamba ya pamba hayakuyatimiza. Ni safari ileile ya miaka ya 1930 niliyoieleza hapo juu, ikiimbwa na mwana wa panki wa bonde la San Fernando.

Ness anarudi kwenye santuri. Alikulia Fullerton, katika wilaya ya Orange, akaanzisha Social Distortion mwaka 1978, na dalili za kantri zilionekana mapema katika bendi hiyo: albamu ya Prison Bound ya mwaka 1988 ina harufu yake, na mwaka 1990 bendi ilirekodi Ring of Fire, wimbo aliouvumisha Johnny Cash. Alipofika mwaka 1999 alikuwa ametimiza zaidi ya muongo mmoja bila heroini, iliyokuwa uraibu wake, na anawaimba wakongwe Hank Williams na Carl Perkins kama mtu anayewataja waliomsaidia kuvuka.

Doe anarudi mbali zaidi, kwenye wakati kabla ya santuri. Alizaliwa Illinois mwaka 1953, akafika Los Angeles mwaka 1976 akitokea Baltimore, na Exene Cervenka, aliyeimba naye katika X, walikutana katika warsha ya ushairi huko Venice, mtaa wa Los Angeles. Mwaka 1985 wawili hao, pamoja na Dave Alvin na wengine, walikuwa tayari wamerekodi nyimbo za kantri na za jadi kwa jina la The Knitters, kwa hiyo albamu ya mwaka 2022 haikuwa mgeuko wa ghafla bali matunda ya safari ya karibu miaka 40. Nyimbo zake zinatokea kabla ya karne ya 20, katika nchi ya farasi, njaa, na watu wanaolala chini kwa sababu hawana pengine pa kulala.

Ala

Kwa kigezo hiki, Doe ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wenzake. Albamu yake imepigwa na watu watatu: yeye mwenyewe kwa gitaa kavu, Kevin Smith kwa besi kubwa ya kusimama, ambaye pia ni mpigaji wa mwimbaji wa kantri Willie Nelson, na Conrad Choucroun kwa ngoma zinazopigwa kwa kiasi. Pale ambapo bendi ya roki ingejaza nafasi kwa gitaa la pili, hapa nafasi imeachwa wazi, na msikilizaji husikia kidole kikiachia uzi. Kwa mtu aliyelelewa na gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Katanga mwaka 1952 akiwa na gitaa moja tu, utulivu huo hautahitaji maelezo.

Graffin amegawanya albamu yake. Nyimbo za jadi zimevalishwa banjo, fidla na gitaa kavu, na mwimbaji Jolie Holland anaongeza sauti yake. Tungo zake mwenyewe kwa sehemu kubwa zinapigwa na bendi kamili, wakiwemo wanamuziki wa The Weakerthans kutoka Kanada. Mtayarishaji ni Brett Gurewitz, mwenzake wa tangu mwanzo katika Bad Religion, na mgawanyo huo una faida na hasara. Faida ni kwamba msikilizaji wa roki hapotei. Hasara, kwa sikio langu, ni kwamba unapoanza kuzama katika ulimwengu wa banjo, wimbo unaofuata unakutoa humo.

Kwa Ness, anayetafuta gitaa kavu tupu atavunjika moyo. Cheating at Solitaire ina gitaa la umeme, gitaa la kulazwa lenye kilio cha kantri, hata tarumbeta za bendi ya Royal Crown Revue, na wageni wake ni Bruce Springsteen na Brian Setzer. Huu ni muziki wa baa za kando ya barabara, uliotengenezwa ili usikike juu ya mazungumzo ya watu, na ni haki kuupima kwa kipimo hicho.

Asili ya nyimbo

Hapa ndipo tofauti zao zinapokuwa kubwa, na ndipo msikilizaji anapopaswa kuamua kwa makini.

Chukua Omie Wise, mojawapo ya nyimbo za jadi katika albamu ya Graffin. Msingi wake ni kisa cha kweli: mwanzoni mwa karne ya 19, huko Randolph, North Carolina, msichana aitwaye Naomi Wise alikutwa amezama mtoni, na kijana Jonathan Lewis akahusishwa na kifo chake. Katika wimbo, mwanamume anamwahidi msichana kwamba watakutana kwenye chemchemi, kwamba atamletea fedha na vitu vizuri. Msichana anafika, fedha hazipo, anapandishwa nyuma ya farasi kwa ahadi ya ndoa, na farasi anaelekea kwenye maji ya kina. Hakuna kilio cha mwimbaji wala mahubiri. Kila ubeti unasogeza hatua moja tu, na msikilizaji huona mwisho kabla ya Naomi kuuona. Nyimbo hizi zimepita katika vinywa vya watu wengi kwa karibu miaka 200 hadi maneno ya ziada yakadondoka yenyewe, na ni heshima ya Graffin kwamba hakuyarudisha.

Yapo pia mengine ya kushangaza zaidi. Graffin si muumini, na nembo ya bendi yake ni msalaba uliokatwa kwa mstari. Hata hivyo katika albamu hii anaimba Talk About Suffering, wimbo wa dini unaomtaja Yesu waziwazi, na anauimba kwa unyenyekevu wote. Nadhani hapo ndipo ukweli wa marejeo yake unapothibitika, kwa sababu mtu anayeigiza asingethubutu kugusa wimbo huo, na mwenye kinyongo asingeweza kuuacha bila kuukejeli.

Ness ametenganisha kwa albamu. Cheating at Solitaire ina tungo zake nyingi pamoja na nyimbo za wengine kama You Win Again ya Hank Williams, ilhali Under the Influences karibu yote ni za waliomtangulia: Marty Robbins, Wanda Jackson, Carl Perkins, na Hank Williams tena. Albamu hiyo ya pili inafungwa na Ball and Chain, wimbo wa Social Distortion wa mwaka 1990, safari hii ukipigwa kwa mtindo wa kantri ya baa. Ninawashauri wenye shaka wasikilize matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Maneno ni yaleyale ya mtu aliyechoka anayeomba aondolewe mzigo wake. Lakini katika toleo la kwanza gitaa za umeme zinambeba, na katika la pili anabaki na meza na glasi yake, ndipo inapobainika kwamba wimbo ulikuwa wa kantri tangu ulipotungwa.

Nyimbo za Doe ni mpya, ingawa zimetungwa zifanane na za kale. Amesaidiana na wengine katika baadhi yake: Louie Pérez wa Los Lobos alishiriki katika El Romance-O, na Exene Cervenka pamoja na Shirley Manson wa Garbage walishiriki katika Destroying Angels. Anayetaka kumsikia Doe akiimba kantri iliyokwisha kujulikana achukue Country Club, aliyoirekodi na bendi ya The Sadies ya Toronto na kuitoa mwaka 2009, yenye nyimbo za Kris Kristofferson, Roger Miller na Johnny Cash.

Uimbaji

Graffin ana sauti safi na yenye nidhamu, iliyozoea kuzungukwa na viitikio vya sauti tatu vya Bad Religion. Inapoachwa peke yake, usafi huo unazifaa nyimbo za jadi, ambazo hazipendi mbwembwe. Udhaifu wake ni kwamba katika baadhi ya tungo zake mwenyewe matamshi yanakuwa ya mhadhara.

Ness ana mkwaruzo ambao hauwezi kufichwa, na hajaribu kuuficha. Hana upana wa sauti, lakini anapofika kwenye neno la majuto hulikawiza kidogo nyuma ya mapigo, kama walivyofanya waimbaji wa kantri wa miaka ya 1950, na hapo mkwaruzo wenyewe unakuwa ushahidi.

Doe ndiye mwimbaji bora kati ya watatu kwa maana ya ufundi. Sauti yake ni nzito na tulivu, na miaka ya kupishana na Exene katika X ilimfundisha kumwachia mwenzake nafasi. Mwaka 2022 ilikuwa imeongeza ukavu wa umri bila kupoteza shabaha.

Lugha na masimulizi

Kwa Kiingereza chepesi, Ness hana mpinzani. Maneno yake ni ya kila siku, anayarudia, na viitikio vyake hushikika katika usikivu wa pili. Nyimbo za jadi za Graffin zina maneno ya kale hapa na pale, lakini kisa huenda kwa mpangilio, kwa hiyo hata asiyejua kila neno hufuata mkondo. Tungo zake mwenyewe zinahitaji subira zaidi. Doe ni mgumu kuliko wote, kwa kuwa anaandika kishairi: anatoa picha, anaruka, na kumwacha msikilizaji aunganishe. Inafaa kumsikiliza ukiwa na maneno yaliyoandikwa mbele yako.

Wala tusijione wageni katika muziki huu. Hugh Tracey alipopita Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, mwaka 1950, alirekodi wasichana wakimwimba Jimmie Rodgers, baba wa kantri, ambaye santuri zake zilikuwa zimeshafika huko, na Kenya hadi leo ina wasikilizaji wengi wa Jim Reeves na Kenny Rogers, na waimbaji wake wenyewe wa kantri kama Sir Elvis.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Kama wewe ni mpenzi wa panki ambaye hujawahi kuvumilia kantri, anza na Ness, na uanze na Cheating at Solitaire. Mwendo wake hautakushtua, na baada ya wiki kadhaa Under the Influences itakupeleka kwa watunzi wenyewe, ambako ndiko anakotaka ufike.

Kama umekua na Jim Reeves sebuleni na huna haja na panki, usianze na Ness wala na Fables in a Foreign Land. Tafuta Country Club ya Doe, ambayo ulaini wake hauko mbali na ule uliouzoea, kisha ndipo uingie katika albamu yake ya mwaka 2022.

Mwalimu, mwanafunzi wa fasihi simulizi, au yeyote anayekusanya tenzi na visa vya kuimbwa atapata mengi kwa Graffin kuliko kwa wengine wawili. Asikilize kwanza nyimbo nne za jadi, yaani Omie Wise, Little Sadie, Talk About Suffering na Willie Moore, kabla ya kurudi kwenye albamu nzima kwa mpangilio wake. Akivutiwa, Millport ya mwaka 2017 inamsubiri. Hiyo inaegemea zaidi kantri yenye roki, na wapigaji wake watatu ni wa Social Distortion, kwa hiyo pia ni daraja zuri kwa anayetoka upande wa Ness.

Anayejifunza gitaa kavu achukue Doe. Katika watu watatu hakuna pa kujificha, na kila badiliko la kodi linasikika wazi kiasi cha kuigika nyumbani.

Kwa aliye katika kipindi kigumu cha maisha, nasita kutoa agizo moja. Ness anazungumza na mtu aliyepoteza kitu kwa mikono yake mwenyewe, na anafanya hivyo bila kumhukumu. Doe anazungumza na aliyeondolewa mahali pake na asiyejua atalala wapi. Aliyefiwa, na ambaye hataki mtu amweleze maana ya msiba wake, huenda akapata nafasi zaidi katika nyimbo za jadi za Graffin, kwa sababu zinasimulia kifo kama kilivyotokea na kunyamaza.

Na kama una jioni moja tu na huwezi kuchagua, sikiliza matoleo mawili ya Ball and Chain, kisha Omie Wise, kisha wimbo wa kwanza wa Fables in a Foreign Land. Ule utakaotaka kuurudia kabla haujaisha ndio mlango wako.